Namna ya Kuchagua Nyenzo za Kujifunzia SEO na Utafiti wa Maneno ya Utafutaji: Mwongozo kutoka Mwanza

Mtu anayetaka kujifunza kuboresha tovuti ili ionekane kwenye injini za utafutaji, kazi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita SEO, hakosi vya kusoma. Kinachomsumbua ni wingi. Akiandika swali moja kwenye Google ataletewa kozi, video, vitabu vya bure na matangazo ya walimu wanaoahidi kumfikisha ukurasa wa kwanza ndani ya mwezi mmoja, na sehemu kubwa ya hayo ni maelezo yaleyale yaliyopokezanwa kutoka tovuti hadi tovuti bila mtu kuyajaribu. Hapa Mwanza nimekutana na vijana wenye bidii, baadhi wakiwa wamehitimu vyuo na baadhi wakiwa wafanyabiashara wa Makoroboi na Kirumba, ambao wamemaliza bando la miezi kadhaa kwa kutazama masomo hayo na bado hawawezi kueleza mteja wao huandika maneno gani anapotafuta bidhaa yao.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata mwenyewe. Kipimo changu ni kimoja: nyenzo inafaa ikiwa unaweza kuhakiki inachokisema kwa mikono yako, kwenye tovuti yako, kwa lugha wanayoitumia wateja wako. Kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili kipimo hicho kina uzito wa pekee, kwa sababu mifano karibu yote ya masomo haya imetungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya soko la Marekani au Uingereza, na mwanafunzi asipoijaribu kwenye mazingira yake hawezi kujua ipi inamfaa na ipi haimhusu.

Hatua ya kwanza: pata kazi kabla ya kutafuta somo

Usianze kwa kujiandikisha kwenye kozi. Anza kwa kuchagua tovuti moja ya kweli, hata kama ina kurasa nne, ambayo utaifanyia kazi wakati wote wa kujifunza. Inaweza kuwa ya duka la ndugu yako Igoma, ya nyumba ya wageni Nyegezi au ya shule ya awali ya jirani. Usipokuwa na tovuti, fungua moja kwa gharama ndogo, kwa sababu SEO inayosomwa bila tovuti husahaulika upesi.

Mimi nilianza kwa kumsaidia mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Alikuwa na tovuti ndogo aliyotengenezewa, na kichwa cha ukurasa wake wa kwanza kilisomeka “Karibu Kwenye Tovuti Yetu”. Nikakibadilisha kiwe “Dagaa Bora wa Ziwa Victoria”, nikaamini nimemaliza kazi. Baadaye nilikaa naye kibandani asubuhi moja, simu yake ikiita mara kwa mara, nikawa naandika kwenye daftari swali la kwanza la kila mpigaji. Wa kwanza, aliyepiga kutoka Dodoma, aliuliza: “Mama, dagaa wako wana mchanga?” Wa pili akataka kujua kama wameanikwa chini au kwenye chanja. Wa tatu aliulizia bei ya gunia pamoja na nauli ya kulifikisha Morogoro. Hadi jua linapanda hakuna hata mmoja aliyelitamka neno “bora”.

Nilipomwonyesha daftari, mama alichota konzi ya dagaa kutoka gunia lililokuwa pembeni, akaimimina taratibu juu ya ungo ili nisikie punje za mchanga zikigonga. “Hawa ni wa chini,” akasema. “Mwanangu, mteja haniulizi ziwa. Ananiuliza mchanga.”

Orodha ile ya kurasa tatu za daftari ndiyo nyenzo ya kwanza ya utafiti wa maneno niliyowahi kuwa nayo, na hadi leo sijapata programu ya kulipia inayoishinda. Kwa hiyo kabla ya kusoma chochote, kusanya maswali ishirini au thelathini ya wateja, kutoka kwenye simu, kwenye ujumbe wa WhatsApp na kwenye mazungumzo ya dukani, na uyaandike vilevile yalivyotamkwa bila kuyasahihisha. Utayahitaji katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya pili: soma chanzo kabla ya wafasiri wake

Google yenyewe imeandika mwongozo wa SEO kwa wanaoanza, na inautoa bure kwenye tovuti yake ya Google Search Central, ambayo hadi mwaka 2020 iliitwa Webmaster Central. Umeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na mtu mwenye utulivu anaweza kuumaliza kwa jioni mbili. Kwenye tovuti hiyohiyo kuna maelezo ya jinsi injini inavyofanya kazi kwa hatua tatu: roboti hupita kwenye kurasa na kuzisoma, kisha kurasa huhifadhiwa kwenye faharasa, yaani orodha kuu ya kurasa ambazo injini inazijua, kisha mtafutaji anapouliza huletewa zile zinazoonekana kumfaa. Usiruke sehemu hii. Watu wengi wanaolalamika kwamba “Google haiwapendi” wana ukurasa ambao haujaingia kwenye faharasa kabisa, na kuhangaikia maneno katika ukurasa wa namna hiyo ni kupoteza muda. Unaweza kupata fununu sasa hivi kwa kuandika site: ikifuatiwa na jina la tovuti yako, bila nafasi katikati, kwenye kisanduku cha Google, ingawa jibu la uhakika utalipata kwenye Search Console, kifaa cha bure cha Google kwa wenye tovuti nitakachokieleza katika hatua ya tatu.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote katika mwongozo huo ni ile inayotaja mambo ambayo Google inaona hupaswi kuyahangaikia. Humo utakuta lebo ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, utakuta idadi ya maneno ambayo makala “lazima” ifikishe, utakuta mpangilio wa vichwa vidogo, na utakuta kurudiarudia neno moja hadi sentensi inachosha. Nakili orodha hiyo kwenye daftari lako. Itakuwa chujio la kila nyenzo nyingine utakayoisoma, na nitaonyesha hapa chini jinsi ya kulitumia.

Baada ya hapo soma sera za Google kuhusu taka za wavuti (spam), hasa sehemu inayohusu kununua viungo, yaani linki zinazotoka tovuti nyingine kuja kwako, na ile iliyoongezwa Machi 2024 kuhusu kuzalisha kurasa nyingi zisizo na manufaa kwa msomaji. Mwenye muda zaidi apakue mwongozo wa wakadiriaji wa ubora, waraka wa zaidi ya kurasa 160 ambao Google ilianza kuuweka hadharani kwa ukamilifu mwaka 2015. Wakadiriaji hao ni watu wanaopima matokeo ya utafutaji, na alama zao hazibadilishi moja kwa moja nafasi ya ukurasa wowote, lakini waraka unaonyesha Google inauelewaje ukurasa mzuri. Tangu Desemba 2022 unataja mambo manne ya kuangalia: uzoefu, utaalamu, mamlaka na kuaminika. Mwandishi aliyewahi kusimama Mwaloni na kushika dagaa mkononi ana uzoefu ambao mwandishi wa mbali hana, na ni vizuri aujue uzito wa mali hiyo.

Hata chanzo nacho kisomwe kwa macho mawili. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ofisa wa juu wa kampuni hiyo, Pandu Nayak, alitoa ushahidi mahakamani Oktoba 2023 kuhusu mfumo uitwao Navboost, unaotumia taarifa za mibofyo ya watafutaji katika kupanga matokeo, jambo ambalo kwa miaka mingi wasemaji wa kampuni walikuwa wakilikwepa. Nyaraka za Google ni mahali sahihi pa kuanzia, ila zimeandikwa na mwenye duka.

Hatua ya tatu: jifunze utafiti wa maneno kwa vifaa vya bure, ukitumia Kiswahili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo masomo ya kigeni yanapotuacha njiani, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Utafiti wa maneno hujibu maswali matatu: watu huandika nini, ni wengi kiasi gani kwa makadirio, na wanataka kupata nini wanapoandika hivyo. La tatu ndilo zito. Chukua neno “dagaa” peke yake. Mtu wa Kigoma anapoliandika anawaza samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao ni jamii nyingine kabisa. Mtu wa Zanzibar anawaza wa baharini. Mpishi wa Dar es Salaam huenda anatafuta namna ya kuwaunga kwa nazi. Mfugaji anatafuta chakula cha kuku. Ukurasa mmoja hauwezi kuwaridhisha wote, na mwalimu anayekufundisha kukimbilia neno lenye watafutaji wengi bila kukuuliza nia yao anakupoteza.

Lugha yetu ina tabia zake pia. Sarufi inataka useme “dagaa wa Mwanza”, lakini mtafutaji huandika anavyosema, na utakuta “dagaa za mwanza” na “dagaa mwanza” bila kiunganishi. Samaki tunayemwita sangara huitwa mbuta upande wa Kenya na mputa upande wa Uganda, sato ni ngege, na dagaa haohao ni omena Kisumu na mukene Kampala. Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka wanunuzi wa ng'ambo ya ziwa akiandika “dagaa” peke yake, hawezi kuonekana na mtu anayeandika “omena”. Somo la kigeni haliwezi kukupa jambo hili. Vifaa vifuatavyo vinaweza, ukivilisha maneno sahihi.

Anza na kisanduku cha Google chenyewe. Fungua kivinjari katika hali fiche (Incognito) ili historia yako isiingilie, kisha andika mwanzo wa swali na usibonyeze kitufe cha kutafuta. Yanayojitokeza chini yake yanatokana na utafutaji halisi wa watu. Masomo ya Kiingereza hushauri kuongeza herufi moja moja baada ya neno, na njia hiyo inafanya kazi, ila nimeona Kiswahili kinafunguka zaidi ukitanguliza maneno kama “bei ya”, “jinsi ya”, “faida za”, “tofauti kati ya” na “wapi napata”. Ukishatafuta, teremka chini uone maswali yanayoulizwa na wengine na utafutaji unaohusiana. Nakili yote kwenye jedwali.

Ukipata maneno mawili yanayofanana, kwa mfano “dagaa wa Mwanza” na “dagaa za Mwanza”, na hujui kama kila moja linahitaji ukurasa wake, tafuta moja baada ya jingine katika hali fiche na ulinganishe matokeo kumi ya kwanza. Kurasa zikiwa zilezile kwa sehemu kubwa, Google inayachukulia maneno hayo kuwa na nia moja na ukurasa mmoja unatosha. Zikitofautiana sana, tenganisha. Zoezi hili ni la bure na linachukua dakika kumi, nami naliona kuwa somo bora la nia ya mtafutaji kuliko video yoyote niliyotazama.

Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, ni kifaa cha pili. Weka nchi kuwa Tanzania, linganisha maneno mawili au matatu, angalia miezi ambayo neno hupanda na mikoa linakotafutwa zaidi. Kuwa mwangalifu na tarakimu zake: 0 hadi 100 si hesabu ya watu, ni ulinganisho, ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika kipindi na eneo ulilochagua. Maneno mengi ya Kiswahili hayatakuwa na data ya kutosha ukibana eneo hadi mkoa, kwa hiyo rudi kwenye nchi nzima na urefushe kipindi.

Cha tatu ni Keyword Planner, kilichomo ndani ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google. Huhitaji kulipia tangazo ili kukitumia, ingawa unaweza kutakiwa kukamilisha usajili wa akaunti pamoja na taarifa za malipo, na hapo usithibitishe tangazo lolote. Weka eneo kuwa Tanzania. Asiyetangaza huonyeshwa makadirio mapana, kwa mfano kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi, na hayo yanatosha kupanga lipi litangulie. Kosa linalofanywa na wengi, na ambalo hata baadhi ya kozi hulieneza, ni kusoma safu ya ushindani kana kwamba inaeleza ugumu wa kupata nafasi katika matokeo ya kawaida. Safu hiyo huonyesha ushindani wa watangazaji wanaolipia neno hilo, na haisemi kitu kuhusu kurasa utakazopambana nazo.

Kifaa kikikuambia neno lako halina watafutaji, usilifute papo hapo. Google imesema mara nyingi kwamba takriban asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla, na vifaa hivi havioni vizuri lugha zenye data kidogo. “Dagaa wasio na mchanga” lilionyesha sifuri nilipolipima. Wapigaji wa simu wa mama walikuwa wanalisema kila siku, nikaliamini daftari, nikaliandikia ukurasa.

Search Console ndiyo hazina ya mwisho na kubwa kuliko zote. Ni ya bure, ilijulikana kama Webmaster Tools hadi mwaka 2015, na baada ya kuthibitisha kwamba tovuti ni yako itakuonyesha maneno halisi yaliyofanya ukurasa wako utokee, mara ngapi ulionekana, mara ngapi ulibofywa na wastani wa nafasi yako, hadi miezi 16 nyuma. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, kwa hiyo jumla hazitalingana na usishtuke. Isakinishe siku ya kwanza hata kama tovuti haina wageni, kwa kuwa haitakuletea kumbukumbu za wakati ambao haikuwepo. Bing Webmaster Tools nayo ni ya bure, ina sehemu yake ya utafiti wa maneno, na inakuruhusu kuhamishia tovuti moja kwa moja kutoka Search Console.

Hatua ya nne: chagua kozi mbili, usichukue kumi

Ukishafika hapa unaweza kuanza kusoma walimu wengine, kwa sababu sasa una cha kuwapimia. Kwa anayehitaji picha nzima kwa mpangilio, mwongozo wa wanaoanza wa kampuni ya Moz umesomwa na vizazi kadhaa vya watu wa kazi hii na bado ni wa bure. Ahrefs wana mafunzo ya bure na video zilizotulia kuhusu utafiti wa maneno, na Semrush wana chuo chao cha mtandaoni kinachotoa vyeti bila malipo. Vyeti hivyo havina ubaya, ila mteja wa Mwanza atakuuliza umefanya tovuti gani, hatakuuliza cheti.

Kumbuka kwamba kampuni hizo huuza vifaa, na masomo yao yamejengwa ili mwishowe uone huwezi kufanya kazi bila kifaa chao. Jihadhari hasa na tarakimu walizozitunga wenyewe. “Domain Authority” ni kipimo cha Moz cha nguvu ya tovuti, na “Domain Rating” ni kipimo cha Ahrefs cha namna hiyohiyo. Google haitumii hata kimoja. Alama ya ugumu wa neno ya Ahrefs hukokotolewa kutokana na viungo ambavyo kurasa kumi za juu zimepata kutoka tovuti nyingine, na kwa maneno ya Kiswahili alama hiyo mara nyingi huwa ndogo mno bila kukuambia kama kurasa hizo ni nzuri au mbovu. Zifungue kwa macho yako. Ukikuta zimeandikwa kwa haraka, bila bei, bila picha, bila jibu la swali la mchanga, hapo una nafasi, hata alama isemeje.

Usajili wa kulipia wa vifaa hivi hutozwa kwa dola kila mwezi na ni mzigo kwa anayeanza. Ahrefs Webmaster Tools ni ya bure kwa tovuti unayoimiliki, na Screaming Frog, programu ya kukagua tovuti, hupitia hadi kurasa 500 bila malipo, kiasi ambacho tovuti nyingi za biashara ndogo za hapa hazikifikii.

Kuhusu habari za kila siku, fuata sehemu moja au mbili tu. Search Engine Land, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Danny Sullivan ambaye baadaye mwaka 2017 alijiunga na Google, na Search Engine Roundtable ya Barry Schwartz huripoti mabadiliko kwa uangalifu. Mwenye bando dogo asikilize podikasti ya Search Off the Record inayoandaliwa na watu wa Google Search wenyewe. Sauti hula data kidogo kuliko video, na unaweza kuipakua nyumbani ukaisikiliza ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga.

Hatua ya tano: pitisha kila nyenzo kwenye chujio

Miaka ya nyuma nililipia mafunzo ya siku tatu, ambayo siku nzima ya pili ilitumika kutufundisha kujaza lebo ya maneno muhimu kwenye kila ukurasa. Tuliijaza kwa bidii, tukipongezana. Google ilikuwa imetangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii lebo hiyo katika kupanga matokeo ya wavuti. Fedha ile iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni wenzangu wawili waliorudi Sengerema na kuendelea kuwafundisha wengine jambo hilohilo. Tangu hapo sianzi nyenzo yoyote kabla ya kuipima.

Upimaji wenyewe huchukua chini ya nusu saa. Tazama kwanza tarehe ya kuandikwa na ya kusahihishwa; isipokuwepo, tafuta ndani yake dalili za umri, kwa mfano nyenzo inayoita huduma ya Google ya wasifu wa biashara “Google My Business” bila maelezo iliandikwa kabla ya Novemba 2021, jina lilipobadilishwa kuwa Business Profile, au haijaguswa tangu hapo. Kisha chukua ile orodha uliyonakili ya mambo yasiyofaa kuhangaikiwa na uangalie kama mwalimu anayafundisha kama nguzo. Akikutajia asilimia maalumu ya mara ambazo neno lirudiwe, au akikuambia makala isiyofika maneno 2,000 haiwezi kupanda, funga. Halafu chagua dai lake moja ulihakiki mwenyewe, kwenye nyaraka za Google au kwenye tovuti yako. Dai moja likianguka vibaya, usipoteze bando kwa yaliyobaki.

Ahadi ya nafasi ya kwanza ni sababu ya kuondoka bila mjadala. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kwa kawaida kazi hii huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla ya manufaa kuonekana. Anayekuuzia “vifurushi vya viungo” anakuuzia kitu kinachovunja sera za injini unayotaka ikupende.

Programu za akili mnemba nazo zimekuwa walimu wa wengi. Zinafaa kukufafanulia aya ngumu ya Kiingereza au kukupa namna tofauti za kuuliza swali lilelile. Usiziulize idadi ya watafutaji wa neno, maana isipounganishwa na chanzo cha data programu hiyo itakutungia tarakimu kwa utulivu mkubwa, nawe utapanga biashara juu yake.

Hatua ya sita: geuza ulichosoma kuwa jaribio

Kwa kila saa moja ya kusoma, tenga saa mbili za kufanya. Fungua jedwali lenye safu nne: tarehe, ukurasa, ulichobadilisha, na sababu pamoja na nyenzo iliyokushauri. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Subiri wiki sita hadi nane kabla ya kuhukumu, kisha linganisha kwenye Search Console kipindi cha kabla na cha baada, ukikumbuka misimu. Kabla ya kujisifu au kujilaumu, angalia ukurasa wa Google unaoorodhesha masasisho makubwa ya mfumo wake pamoja na tarehe zake, kwa sababu anguko linaweza kuwa limegusa tovuti nyingi siku hiyohiyo. Safu ya nyenzo ndiyo itakayokuonyesha baada ya miezi kadhaa ni mwalimu yupi ushauri wake huzaa na yupi wa kuachana naye.

Mara moja kwa mwezi fungua ripoti ya utendaji ya Search Console na upange maneno kwa idadi ya kuonekana. Tafuta yale ambayo ukurasa wako unatokea mara nyingi lakini haubofywi, na yale ambayo hukuwahi kuyawaza. Kwa tovuti ya mama, “dagaa wasio na mchanga” lilianza kuleta wapigaji wapya kabla ya mwaka kuisha, na nilitarajia hivyo. Nisilolitarajia ni “dagaa wa chakula cha kuku”, lililojitokeza kwenye ripoti wakati tovuti haikuwa na hata sentensi moja kuhusu kuku. Nilipomsomea, alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba dagaa waliovunjika, wale wa chini ya gunia, huwauza kwa bei ya kutupa kwa mtu mmoja anayekuja na pikipiki, na hajui anawapeleka wapi. Jioni ile tulifungua daftari jipya, tukaandika juu yake “kuku”, na tukaanza tena na hatua ya kwanza kwa kuwapigia simu wafugaji watatu wa Kisesa.